Jenereta ya kempa imegoma: itengenezwe hapo ilipo, itolewe, au uachane nayo?

Mwaka jana mama mmoja alituletea kempa yake karakanani, Industrial Area ya Nairobi, akiwa amekwisha kata tamaa. Ni gari-nyumba la Kimarekani, lile refu lenye jiko, kitanda na choo ndani, alilonunua kwa mgeni aliyekuwa anahama. Jenereta yake ni ya chapa ya Onan, imening'inia chini ya sakafu upande wa nyuma. Mafundi wawili walikuwa wameshampa jibu moja: itolewe, ifunguliwe yote, koili zake za waya zisukwe upya. Starta ilikuwa inaizungusha injini vizuri ila haiwaki. Nikamwuliza, "Mama, tanki lina mafuta kiasi gani?" Akasema yapo, karibu robo, na gari lenyewe linatembea bila shida. Tukaenda kituo cha mafuta, tukaongeza lita 40. Nikashikilia kitufe cha kuzima kwa sekunde kadhaa ili pampu ivute mafuta hadi kwenye kabureta, kisha nikawasha. Ikakohoa mara mbili, ikashika.

Katika magari hayo jenereta hunywa kwenye tanki moja na injini ya gari, lakini mrija wake umekatwa mfupi kwa makusudi, haufiki chini. Mafuta yakishuka hadi kama robo, mrija unavuta hewa. Waliotengeneza hawakutaka usiku mmoja wa taa na feni ukuache porini asubuhi bila mafuta ya kurudia nyumbani. Wale mafundi wawili hawakuwa matapeli. Jenereta wanazijua sana, ila ni zile za kukaa nyuma ya duka, si hizi zinazoishi ndani ya gari.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kazi yangu ni kutoa jenereta na kuzirudisha, na ile ningelipwa kwa kuitoa. Mteja akija huwa na njia nne mbele yake. Anaweza kuitengeneza ikiwa hapo hapo, kuitoa ikatengenezwa mezani kisha ikarudishwa, kuitoa moja kwa moja akabeba ndogo ya mkono, au kuhamia betri na sola. Wengi huchagua ya pili kwanza, halafu jenereta ikiwa chini sakafuni imefunguliwa vipande vipande ndipo wanaanza kujiuliza kama ilifaa. Wakati huo wameshalipia kushusha, wameshalipia kufungua, na hawawezi kurudi nyuma. Amua kama itarudi au haitarudi kabla boliti ya kwanza haijalegezwa.

Soma kibao kwanza

Kempa zinazokuja kwetu ni za namna mbili. Kuna zilizozaliwa kempa kiwandani, Marekani au Ulaya, na kuna zilizojengwa hapa nchini juu ya chesi ya lori au basi, mara nyingi Isuzu. Zile za kiwandani huwa na jenereta iliyoundwa kuishi ndani ya kasha. Huvuta hewa baridi upande mmoja na kutema ya moto chini ya gari, na plagi, kabureta na filta zimepangwa ili mlango mmoja ukifunguliwa uzifikie zote. Zilizojengwa hapa, aghalabu mjenzi alinunua jenereta ya kawaida ya petroli, ile ya fremu ya mabomba, akaifungia kwenye sanduku la bati na kutoboa matundu machache. Injini inayopozwa kwa hewa ikifungiwa hivyo huivuta tena hewa ileile iliyokwisha kuitema ikiwa moto. Dakika ishirini, nusu saa, inazimika. Ikipoa inawaka tena. Mwenyewe anadhani ni kabureta, kumbe inakosa pumzi.

Ukiwa na ya namna ya pili, sehemu kubwa ya ulinganisho huu umeshamalizika. Itoe. Ukiitengeneza na kuirudisha kwenye sanduku lile lile, unalipia ugonjwa urudi. Wafua chuma wa Kamukunji watakutengenezea droo imara ya kuvuta, jenereta ikae ndani wakati wa safari na itoke nje kabisa wakati wa kufanya kazi. Mrija wa mafuta na nyaya uzipe urefu wa kutosha ili zisikatike droo inapovutwa, na kamwe usiiwashe ikiwa imesukumwa ndani.

Kwa ile ya kiwandani, tafuta kibao cha bati kilichobandikwa ubavuni na usome mambo matatu: volti, hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) na kilowati. Ikiwa kimeandikwa volti 230 au 240 na hezi 50, ni umeme wa aina ya nyumbani kwako, una uhuru wa kuchagua. Ikiwa ni volti 120 na hezi 60, kila kifaa ndani ya gari hilo, kuanzia kiyoyozi hadi chaja ya betri, kilizaliwa kwa umeme huo, na hapo ndipo watu wengi huumia. Nitarudi kwake.

Ikiwa bado imo ndani

Hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na kwa ninavyoona, jenereta nyingi zilizoandikiwa kutolewa zingepona hapo hapo. Jenereta ya kempa haifi kwa kutumika, inakufa kwa kukaa. Gari linaegeshwa mitaa ya Karen au Runda miezi minane, petroli inakauka ndani ya kabureta na kuacha gundi ya kahawia inayoziba vitundu vyembamba kuliko uzi wa kushonea. Siku ya safari inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, au inanguruma ikipanda na kushuka kama gari linalofundishwa kuendeshwa. Kabureta ya namna hiyo huvuliwa, huoshwa na kurudishwa bila kuigusa jenereta yenyewe. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kabla ya hapo kuna mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyatazama bila fundi. Mafuta, kama nilivyosema, yapite robo. Oili iwe kwenye mstari na gari liwe limesimama sawa, kwa maana jenereta nyingi zina kinga ya kuzima oili ikipungua, na gari likiinama kilimani kinga hiyo hudanganyika. Betri: jenereta hizi kwa kawaida huwashwa na betri za nyumba, zile za taa na vifaa vya ndani, si ile ya injini, kwa hiyo ukilaza gari wiki mbili na taa moja inawaka, jenereta haitazunguka hata kama ni nzima kama jiwe. Waya mnene wa ardhi unaokamata fremu pia hushika kutu, na hapo starta inagonga tu bila nguvu. Safisha, kaza, jaribu tena.

Onan za miaka ya karibuni husema zenyewe zinaumwa wapi. Taa ya kwenye swichi hupepesa, unahesabu. Ikipepesa mara tatu, bonyeza kitufe cha kuzima mara moja, nayo itatoa namba ya tarakimu mbili. Namba 36 maana yake injini imezimika yenyewe bila kidhibiti kuona sababu, na hiyo mara nyingi ni mafuta, moto wa plagi au hewa. Mteja akinipigia simu na namba mkononi, ananiokolea nusu siku na kujiokolea pesa.

Tatizo la pili ni lile la injini kunguruma vizuri lakini ndani ya gari hakuna umeme. Hapa ndipo neno "kusuka upya" hutoka midomoni mwa watu haraka mno. Subiri kwanza nusu dakika, kwa sababu magari mengi yana rilei inayochelewesha umeme kwa makusudi mpaka injini itulie. Kisha tazama breka ya kukata umeme iliyo kwenye jenereta yenyewe. Iko tofauti na zile za ubaoni ndani, na wengi hawajui kama ipo. Kisha fundi apime volti kwenye nyaya zinazotoka kwenye jenereta, kabla hazijafika kwenye swichi ya kubadilisha umeme. Volti zikiwapo pale, jenereta haina kosa, kosa liko mbele, na kuitoa kungekuwa hasara tupu.

Ubaya wa kutengeneza ikiwa ndani ni kwamba fundi analala chali, anaona nusu, na anakaza boliti kwa kupapasa. Kazi za juu juu zinawezekana. Za ndani hufanywa vibaya, na kile kisichoonekana, hasa ungio la bomba la moshi, hubaki bila kukaguliwa.

Ikibidi itoke

Zipo sababu za kweli za kuitoa. Koili zimeungua na harufu ya vanishi iliyochomeka imejaa. Oili inavuja kwenye sili ya nyuma ya injini. Mgandamizo umekufa. Raba za kuishikilia zimekatika na jenereta inagonga fremu. Au bomba la moshi limepasuka mahali ambapo mkono haufiki. Katika hali hizo kuibembeleza ikiwa ndani ni kupoteza muda.

Uzito ndio unaotisha. Onan ndogo ya petroli ya kilowati 4 ina karibu kilo 80, na za dizeli zinaweza kupita kilo 250. Nyingi hutoka kwa chini. Mafuta ya kulegeza kutu hupuliziwa kwenye boliti usiku wa kuamkia kazi. Gari hukaa juu ya stendi za chuma au juu ya shimo la gereji, kamwe si juu ya jeki peke yake. Waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza kabisa, ndipo mafuta, ndipo moshi, ndipo nyaya za umeme na plagi ya swichi. Mrija wa mafuta huzibwa papo hapo, maana tone moja la petroli na cheche moja ya spana zinatosha kuteketeza gari na fundi. Kila waya hupigwa picha na kubandikwa namba. Jenereta hushuka juu ya jeki bapa pana, si mikononi mwa vijana wanne wanaopigiana kelele. Nimewahi kuona kidole kikipotea kwa njia hiyo.

Ikishakuwa mezani, faida yake ni kubwa: unaiona yote. Koili hupimwa kwa mita ya megga, na upinzani kati ya koili na mwili wa chuma wa jenereta ukiwa chini ya megaomu 1 hairudi ndani ya gari la watu. Brashi za kaboni na ringi zake hubadilishwa au kusuguliwa. Zile zinazotumia kapasita badala ya brashi, kapasita hupimwa, na hiyo ikiwa ndiyo iliyokufa unashukuru Mungu, maana ni kipuri kidogo. Anayeigusa lazima kwanza aondoe chaji iliyobaki ndani yake, hata kama jenereta imezimwa tangu jana.

Kuhusu kusuka, Nairobi ina watu wenye mikono ya ajabu. Wanasuka mota za pampu za visima na mashine za posho kila siku, na hawashindwi na jenereta. Lakini mwombe akuonyeshe kwamba amehesabu mizunguko na kupima unene wa waya kabla ya kukata koili ya zamani. Mizunguko ikipungua, volti hazitakaa sawa kamwe, na hakuna marekebisho ya baadaye yatakayotibu hilo. Uliza pia kama watapaka vanishi na kuikausha kwenye tanuri. Koili iliyokaushwa juani tu itashika unyevu, na barabara ya makorongo itaitikisa mpaka nyaya zisuguane.

Ubaya wa njia hii ni vipuri na muda. Kirinyaga Road utapata filta, plagi, mirija, gasketi za kukata, hata pampu ya mafuta inayolingana. Bodi ya kidhibiti ya jenereta ya Kimarekani hutaipata. Utaiagiza nje, na gari litakaa na tundu tumboni kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ninamwambia mteja: tukiishusha na kukuta bodi imekufa pamoja na koili, hatuirudishi. Tukubaliane hilo leo, uso kwa uso.

Mtego wa hezi 60

Sasa turudi kwa yule mwenye kibao cha volti 120. Rafiki atamwambia: tupa hilo, nunua jenereta ya hapa ya volti 240, weka transfoma ya kushusha hadi 120, umemaliza. Transfoma hushusha volti. Hezi haiziwezi, zinabaki 50.

Hezi hutokana na kasi ya injini na idadi ya poli, yaani ncha za sumaku. Jenereta ya poli 2 huzunguka mara 3,600 kwa dakika kutoa hezi 60 na mara 3,000 kutoa 50. Ya poli 4 ni 1,800 na 1,500. Kuna wanaodhani basi waipunguze kasi ile ya Kimarekani iendane na umeme wa Kenya. Ikipunguzwa, feni yake ya kupoza nayo inapungua, volti zinayumba, na kidhibiti chake kitaiona ni hitilafu na kuizima.

Na vifaa vya ndani je? Friji la gesi na umeme, upande wake wa umeme ni kipasha joto tu, hakijali hezi mradi volti ziwe sawa. Chaja za kisasa nyingi hazijali pia. Kiyoyozi kinajali: mota ya kompresa ya hezi 60 ikilishwa 50 kwa volti zilezile huzunguka polepole na kupata joto. Maikrowevu yenye transfoma nzito hupata joto na kunguruma. Chaja za zamani za transfoma hutoa volti zisizo sahihi, na betri ndiyo inayolipa. Kwa hiyo ikiwa kiyoyozi ni cha lazima kwako na gari ni la Kimarekani, kutengeneza jenereta yake ya asili kuna maana kuliko inavyoonekana. Ikiwa huhitaji kiyoyozi, mlango mwingine umefunguka, nao ni betri.

Ndogo ya mkono

Wengi wanaoachana na jenereta ya ndani hununua jenereta ndogo ya inveta inayobebeka. Chukua mfano wa Honda EU22i. Ina kilo 21 hivi, kilele chake ni wati 2,200 na kwa kazi ya kudumu ni 1,800. Ni tulivu, unaiweka mbali na gari, ikiharibika unaibeba hadi kwa fundi kama mkoba, na gari lako linabaki na wewe. Kwa urahisi wa matengenezo hakuna inayoishinda. Jenereta ya ndani ikiumwa, nyumba nzima inalazwa hospitalini.

Lakini kumbuka mahali tunapoishi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ukipiga hesabu, asilimia 20 hivi imekwenda. Wati 1,800 zinakuwa chini ya 1,500. Birika la wati 2,000 litaizima. Onan ya kilowati 4 nayo itakupa kama 3.2 hapa, na bado hiyo inaendesha kiyoyozi kimoja bila kuhangaika. Onan kadhaa za petroli zina kitufe cha kurekebisha mwinuko kwenye kabureta. Ukikiweka kwa Nairobi kisha ukateremka Mombasa bila kukirudisha, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo mno na injini inawaka moto kupita kiasi. Nimefungua pistoni zilizoungua kwa kosa hilo dogo.

Kasoro nyingine za ndogo ya mkono ni za kibinadamu. Inaibika, kwa hiyo inahitaji mnyororo. Inahitaji dumu la petroli, na dumu hilo halifai kusafiri ndani mnamolala watoto. Mvua ikinyesha usiku, ni nani atakayetoka kuifunika? Kwa anayepiga kambi wikendi mbili kwa mwezi, haya yanavumilika. Kwa anayeishi ndani ya gari miezi mitatu, yatamchosha.

Betri na sola

Miaka kumi iliyopita nisingeiweka njia hii kwenye orodha. Leo naiweka mbele ya wateja wengi, ingawa inaninyima kazi.

Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 200 hubeba karibu wati 2,560 za saa. Friji la kompresa la volti 12 litakula kama 500 kwa siku, taa, simu, kompyuta na pampu ya maji pengine 300. Kwa hiyo una siku tatu bila jua kabisa. Paneli za wati 400 juu ya paa, kwa siku nzuri ya Januari au Februari, zitarudisha zaidi ya kile ulichotumia. Mwezi wa Julai, mawingu yakiwa yamelala juu ya Nairobi wiki nzima, pigia hesabu nusu. Hapo ndipo chaja inayochota kwa altaneta ya gari inapookoa. Ya ampea 30 huingiza karibu wati 400, na safari ya saa mbili hadi Naivasha tayari imekulipia siku ya friji.

Kwa gari la Kimarekani njia hii ina baraka yake: inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa jenereta, ya kutoa volti 120 na hezi 60 ipo, na betri haijui hezi ni nini. Mtego niliouelezea unafutika. Na lile tundu lililoachwa na jenereta, likizibwa vizuri dhidi ya maji ya barabarani, ni kabati tayari la betri.

Pale betri isipoweza, haiwezi kabisa. Kiyoyozi cha wati 1,500 kitaimaliza betri hiyo kabla saa mbili hazijaisha. Kupika kwa umeme nako kusahau, tumia gesi. Nairobi yenyewe haina haja ya kiyoyozi, usiku wa Julai unatafuta blanketi la pili. Magadi, Turkana na Pwani ni habari nyingine. Huko usiku mmoja wa joto na mtoto mchanga hautakuacha usahau kwamba uliitoa jenereta.

Nani achukue ipi

Ungekuwa ndugu yangu ningekwambia hivi. Gari la Ulaya la volti 230, jenereta ina saa chache, kosa ni mafuta au kabureta: tengeneza hapo hapo, kisha iwashe kila mwezi kwa saa mbili ikiwa na mzigo wa nusu, hita au birika, isiwashwe bure. Gari la Kimarekani, unakwenda sana sehemu za joto, injini ni nzima ila koili au brashi zimekwisha: itoe, itengeneze, irudishe, na ukubali gharama. Gari la Kimarekani, unapenda Nanyuki, Naivasha na Aberdare, na jenereta imekufa bodi: itoe isirudi, weka betri. Kempa iliyojengwa hapa na jenereta sandukuni: droo, au jenereta ndogo ya inveta, na sola mfuko ukiruhusu.

Anayekwenda Magadi mara kwa mara aongeze jambo moja kwenye mizani. Vumbi la magadi likishika unyevu hula aluminiamu, na jenereta ya chini ya sakafu hulioga kila safari. Mwenye njia hiyo atakuwa karakanani kwangu kila mwaka, iwe ni jenereta nzuri kiasi gani. Ndogo ya mkono inayopanguswa na kufungiwa ndani huishi zaidi.

Mama niliyeanza naye hakuacha chochote. Amebaki na Onan yake, ameongeza paneli mbili na betri moja, na jenereta anaiwasha akiteremka Pwani.

Moshi

Lipo jambo ambalo silipimi na bei. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na humuua aliyelala bila kumwamsha. Jenereta iliyotolewa na kurudishwa ni ya hatari kuliko ilivyokuwa, ikiwa gasketi ya moshi ilirudishwa ile ya zamani au bomba halikufika nje ya ukingo wa gari. Iliyotolewa isirudi nayo huacha tundu sakafuni lililopitisha nyaya, na tundu hilo litapitisha moshi wa injini ya gari lenyewe. Lizibwe kwa bati na sili, mrija wa mafuta uzibwe huko huko tankini, nyaya zilizobaki zifungiwe kwenye kisanduku. Ndogo ya mkono isikae chini ya turubai la mlangoni wala upande wa dirisha, hata mvua ikinyesha.

Siku ya kulichukua gari lako, usilipe kabla hujafanya haya. Nunua kengele ya kaboni monoksaidi, iweke pale kichwa chako kinapolala. Funga madirisha yote, mwambie fundi awashe jenereta ikiwa na mzigo, vifaa viwili vitatu kwa pamoja, kwa nusu saa, wote mkiwa mmesimama nje. Kisha fungua mlango usome kioo cha ile kengele. Kama si sifuri, ishuke tena.